Wimbo wa marehemu kwenye orodha ya DJ

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 53, fundi redio, nina kibanda changu karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Siku hizi redio zenyewe ni chache, simu na spika ndizo zinazonilipia kodi, lakini watu bado wananiita fundi redio. Kwetu ni Same. Mke wangu ni wa Old Moshi, ana miaka 49. Nilimuoa 2008 akiwa mjane mwenye watoto wawili. Mume wake wa kwanza alikuwa dereva wa malori, mtu wa Kibosho. Waliishi pamoja tangu 1995 mpaka alipofariki kwa ajali 2005, akazikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo wa kwao. Watoto nimewalea mimi. Mkubwa, wa kike, alikuwa na miaka 8 nilipoingia nyumbani mwao, leo ana 25. Ananiita baba, na fomu zake zote za shule zina sahihi yangu.

Sasa anaolewa. Kamati ya sendofu imeshakaa, michango inaingia kwa kusuasua, ukumbi umelipiwa nusu. Wiki iliyopita MC alituma kwenye grupu la WhatsApp la kamati orodha ya nyimbo aliyopewa na binti: wimbo wa bibi harusi kuingia, wa keki, wa ndafu, wa kufungua shampeni, wa zawadi. Kwenye mstari wa "wazazi kuingia" umeandikwa wimbo mmoja wa zamani wa bendi ya Simba Wanyika. Niliusoma nikakaa chini.

Shangazi, huo wimbo naujua. Ni wa marehemu. Alikuwa nao kwenye kaseti ndani ya lori. Mke wangu aliniambia mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kwamba marehemu akitoka safari alikuwa akifika kona ya nyumbani anaongeza sauti ili wajue amerudi. Baada ya hapo hatujawahi kuuzungumzia. Mwenyewe haupigi, hilo niseme kweli. Hana kaseti, hana kwenye simu. Lakini wimbo unamfuata. Utapigwa kwenye daladala ya Kiborloni, au jirani atafungulia redio Jumapili wakati wa zilipendwa, na mke wangu ataacha anachofanya. Kama anapepeta mchele, mkono unasimama juu ya ungo. Hasemi neno. Siku nyingine macho yanalowa, siku nyingine anatabasamu, na sijui kipi kinaniuma zaidi. Wimbo ukiisha anaendelea na mchele. Nikiwa karibu na redio huwa nabadilisha stesheni, si kwa ubaya, ni kumpunguzia.

Nimejaribu kusikiliza maneno yenyewe nione yana nini. Hayana kitu. Ni mtu analalamikia mwanamke. Hata si wimbo wa kufungia ndoa. Labda tatizo ni langu, maana mimi si mtu wa muziki. Redio kwangu ni taarifa ya habari na mpira. Nyimbo niliziachia wenyewe tangu 1998, mwaka ambao mdogo wangu alibaki chini Mererani kwenye yale mafuriko ya machimboni.

Sasa nione: nimevaa suti, nimemshika mke wangu mkono, tunaingia ukumbini mbele ya watu 300, na spika zinapiga wimbo wa mume wake. Ndugu wa marehemu watakuwepo na wataujua tu. Posa ilipelekwa Kibosho, sikusema kitu. Mahari ilipokelewa na baba mdogo wa binti, ni haki ya ukoo, sikusema kitu. Lakini hili la kuingia naona limepita kiasi. Na nina hakika mke wangu ndiye aliyempa binti wazo, kwa sababu binti alikuwa na miaka 5 tu baba yake alipofariki. Ataujuaje?

Sijamwambia mtu nyumbani. Nimefikiria kumpigia DJ kimya kimya aufute. Nimefikiria pia kusema mimi nitaingia na wageni wengine, nikakae meza ya nyuma. Rafiki yangu wa kijiweni ananicheka, anasema namuonea wivu maiti. Je, ni wivu? Mwanamke niliyeishi naye miaka 17 anaweza kuwa bado ni wa mtu mwingine, mimi nikawa mlinzi wa nyumba tu? Na kama yule ana wimbo wake, mbona miaka yangu 17 haina?

Baba Mlezi, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Usimpigie DJ. Nalitanguliza hili kwa sababu mwanaume akishaumia kidole chake hakikai mbali na simu. DJ atamwambia MC, MC atamwambia mwenyekiti wa kamati, na kabla jua halijazama itajulikana kuanzia Pasua hadi Shanty Town kwamba baba mlezi amefuta wimbo wa marehemu. Wimbo ambao leo unajulikana maana yake na watu wachache utakuwa unajulikana na wote 300.

Sasa tukae tuzungumze.

Nimeirudia barua yako mara kadhaa kwa sababu ya hilo swali lako la "ataujuaje". Umelitumia kama ushahidi dhidi ya mkeo, na mimi naona umemshitaki asiye na kesi. Ni kweli kwamba sisi watu wazima karibu wote hatukumbuki lolote la kabla ya miaka 3 hivi, na kuanzia hapo mpaka kwenye miaka 7 tumebakiwa na vipande vipande. Lakini hebu fikiria ni vipande gani hubaki. Huyo mtoto alijua kwa sikio kwamba baba yake amerudi. Kabla hajaona taa za lori, kabla mlango haujagongwa, alisikia gitaa kwenye kona, na kila lilipolia liliishia kwa yeye kunyanyuliwa juu. Kitu kinachojirudia namna hiyo mtoto hahitaji kufundishwa na mama yake, wala kukumbushwa akiwa na miaka 25.

Sura ya baba yake ameonyeshwa kwenye picha. Tabia yake amesimuliwa na mama, na shangazi zake wa Kibosho, kila mtu kwa namna yake. Huo wimbo aliusikia mwenyewe. Inawezekana kabisa ndicho kitu pekee cha baba yake ambacho hakikupitia mdomoni mwa mtu mwingine kabla ya kumfikia. Sasa anaondoka nyumbani kwenda kwa mume, anamtafuta baba aliyemzaa awepo angalau kwa dakika chache, na hana pengine pa kumpata. Kwamba akamweka kwenye mstari wa "wazazi kuingia" badala ya mahali pengine, hilo ni kosa la mpangilio, na nitalirudia.

Umepekua maneno ukakuta hayana kitu. Umepekua vizuri tu. Nyimbo nyingi za dansi tulizolelewa nazo ni malalamiko: kaniacha, kanidharau, kaenda na mwenye gari. Tumechumbiwa nazo, tumezifungia harusi, na hakuna aliyesimama kuuliza mbona mwimbaji analia. Mwaka 1768 mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alichapisha kamusi ya muziki, na humo akaeleza habari za askari wa Uswisi waliokodiwa kupigana kwenye majeshi ya nchi za watu. Kwao milimani kulikuwa na wimbo wa wachunga ng'ombe. Anasema ulipigwa marufuku vikosini, maana wakiusikia walilia, wakatoroka, wengine wakafa kwa kutamani nyumbani. Kisha Rousseau akautazama wimbo wenyewe na kuona hauna cha ajabu. Mgeni akipigiwa hapati chochote. Nguvu yake, akasema, imo katika yale unayowakumbusha: nchi yao, ujana wao, maisha waliyokuwa nayo zamani. Wewe ni mgeni kwenye wimbo huo, mwanangu. Hata ukiufungua kama unavyofungua spika, hutakuta kitu ndani.

Na hatuhitaji kwenda Uswisi. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, wakati vijana wetu wako kwenye vita vya Kagera. Waulize watu wa umri wangu. Wapo ambao hawawezi kusikia gitaa lake bila kumuona kaka yao akipanda gari la jeshi, ingawa wimbo unaopigwa ni wa mapenzi na hautaji bunduki popote. Wimbo hushika chochote kilichokuwa kinaendelea pale ulipokuwa ukipigwa. Hauchagui. Zamani hata sisi hatukuchagua: bendi zetu zilirekodiwa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki hukohuko, na mtu wa Moshi alisubiri redio iamue lini atausikia tena wimbo anaoupenda. Kilichobaki mikononi mwetu kilikuwa kadi ya salamu za redioni. Unajaza majina ya ndugu mpaka nafasi inakwisha, unatuma, unangoja, siku jina lako likisomwa mtaa mzima unajua. (Hao Simba Wanyika nao, kwa faida ya wasomaji wa Arusha wanaopenda kuwadai: ndugu Wilson na George Kinyonga ni watoto wa Tanga, lakini walipigia Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hivyo dai lenu lina msingi kidogo.)

Tuje kwa mkeo. Kwa hesabu uliyonipa, alikuwa na marehemu kuanzia akiwa na miaka 19 mpaka 29. Watafiti wa kumbukumbu wamekuta tena na tena kwamba mtu mzima akiombwa asimulie maisha yake, yanayomjia kwa wingi ni ya kati ya miaka 10 na 30, na nyimbo za umri huo ndizo zinazomng'ang'ania. Mwaka 2009 mtafiti Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California kule Davis alitoa matokeo ya kazi yake ya kupiga picha za ubongo wa wanafunzi huku wakisikiliza vipande vya nyimbo zilizovuma walipokuwa watoto na vijana. Wimbo ulipogusa jambo la maisha ya msikilizaji mwenyewe, sehemu fulani ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ilifanya kazi, na kadiri jambo lilivyokuwa zito kwake ndivyo ilivyozidi. Sehemu hiyo ni miongoni mwa zile zinazochelewa kuharibika kwa wagonjwa wa Alzaima. Ndiyo maana utakuta bibi hamjui tena mwanawe wa kumzaa, lakini tenzi la kanisani analiimba mpaka ubeti wa mwisho.

Kwa hiyo mkono unaposimama juu ya ungo, usiharakishe kudhani kwamba amekwenda kwa mwanaume. Amekwenda kwa msichana wa miaka 20, naye ni yeye mwenyewe. Marehemu yumo, siwezi kukudanganya. Lakini humo pia mna chumba cha kwanza cha kupanga, mimba ya kwanza, mama yake mzazi pengine akiwa bado ana nguvu za kwenda shamba, rafiki aliyekuwa akimsuka, sukari ilipokuwa ya bei nyingine. Wewe unasikia jina moja, yeye anasikia miaka 10. Ukimwambia aisahau unamwambia asahau ujana wake wote, maana hakupewa ujana mwingine wa akiba.

Machozi na tabasamu vinakuchanganya, na hapo nina la kukupa. Mwaka 2014 Liila Taruffi na Stefan Koelsch walitoa utafiti waliouliza watu zaidi ya 700 wa nchi mbalimbali wanahisi nini wakisikiliza muziki wa huzuni. Hisia iliyotajwa mara nyingi kuliko zote haikuwa huzuni. Ilikuwa ile hali ya kuyatamani yaliyopita, yenye uchungu na utamu kwa pamoja. Mtu anaweza kulia humo na asiwe anaomba kurudi alikotoka. Mkeo analia siku hii na kucheka siku ile kwa wimbo uleule, na siku zote mbili anajua vizuri kwamba anayempepetea mchele ni wewe.

Tena hilo umeliandika mwenyewe, kisha ukalipita mbio: "Wimbo ukiisha anaendelea na mchele." Katika barua yako nzima hapo ndipo ninapopaamini kuliko pengine pote. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, ambao mwaka 1999 waliandika kwamba mfiwa anayeendelea vizuri hakai upande mmoja. Huenda na kurudi: saa hii yuko na aliyemwondokea, saa ijayo yuko na ada za shule na mboga ya jioni. Mkeo anakwenda kwa dakika chache na anarudi akiwa mzima. Ingekuwa harudi, halali, hali, amejifungia, kazi zimemshinda, ningekwambia umpeleke kwenye kitengo cha afya ya akili hospitalini bila kuchelewa. Huyu hana shida hiyo. Miaka 20 amefanya kazi ya kuomboleza, na ameifanya huku akikulea na wewe.

Ndiyo, na wewe. Umeandika habari ya mdogo wako kwa mstari mmoja tu, mwishoni mwa aya inayohusu mambo mengine, kama mtu anayetupa kitu dirishani gari likiwa kwenye mwendo. Pole sana, mwanangu. Mafuriko yale yalichukua vijana wengi, na wengi wenu mliobaki hamkupewa hata nafasi ya kulia sawasawa. Lakini ona ulichokifanya. Mwaka ule ndombolo ilikuwa imejaa kila baa na kila stendi, na kijana wa machimboni mwenye hela mfukoni hakuwa na namna ya kuikwepa. Kuna sauti huko ambayo fundi redio mzima, mtu anayeshinda amezungukwa na spika, ameamua asiwe mtu wa muziki ili asikutane nayo. Sikulaumu, kila mtu hujiokoa kwa anachoweza. Ila sasa nimeelewa kwa nini unabadilisha stesheni "kumpunguzia". Unamnywesha dawa yako, naye hajakwambia anaumwa. Acha hiyo tabia leo. Wimbo ukianza, uache uishe. Kama unaweza, kaa karibu naye bila kusema kitu. Na siku moja mkiwa wawili, siyo wiki hii yenye vikao, mwambie mdogo wako alikuwa anapenda kupiga nini. Sidhani kama anajua.

Umeuliza mbona miaka yako 17 haina wimbo. Inao, ila huutambui kwa sababu hauna gitaa. Miaka 17 nyumba hiyo imesikia mlio wa taarifa ya habari saa 2 usiku, na mtangazaji wa mpira akipandisha sauti mpira ukikaribia goli. Ukitangulia wewe, Mungu akuepushe na hilo kwa miaka mingi, mkeo atakuwa kwenye daladala siku moja, mlio wa habari utalia, na atashindwa kumwambia konda anashukia wapi. Abiria wa pembeni atamshangaa mama mtu mzima anayelizwa na bei ya mafuta ya taa. Wala usianze sasa kutafuta "wimbo wetu" kwenye YouTube ili ushindane. Nyimbo za kutafutwa hazishiki. Marehemu naye hakuutafuta ule. Kaseti ilikuwa kwenye lori, akaongeza sauti, basi.

Kuhusu wivu: upo kidogo, na rafiki yako wa kijiweni hahitaji kukucheka, na yeye akioa mjane atauona. Lakini sidhani kama ni wivu kwa marehemu. Umeandika "sikusema kitu" mara mbili, mara ya posa na mara ya mahari. Wimbo umekuja wa tatu, na umeukasirikia kwa niaba ya hayo mawili ya kwanza. Ukoo wa Kibosho ulikuwa na haki ya kupokea, umesema mwenyewe na umesema kwa heshima. Hata hivyo mtu aliyetia sahihi kila fomu ya shule alistahili kuitwa, akapewa kiti, akaambiwa kwa mdomo kabla ya kusikia pembeni. Hilo walilikosea wakubwa wa pande zote mbili, mkeo akiwemo. Meza ya nyuma hailirekebishi. Ukikaa huko, watu 300 watajua una jambo, na binti yako atajua siku nyingine zote za maisha yake kwamba siku ya sendofu yake baba aliyemlea alikwenda kukaa na wageni waalikwa. Ingia na mkeo. Hiyo nafasi hukupewa na kamati, na kamati haiwezi kukunyang'anya.

Sasa mpangilio. Anza na binti, ana kwa ana, siyo kwenye grupu na siyo kwa simu. Muulize anamkumbuka vipi baba yake. Usitaje orodha kwanza. Mwache amalize, hata kama atalia, hata kama wewe utalia. Kisha mwambie wimbo utapigwa, lakini siyo wakati wa kuingia. Sababu unayo, wala wewe huhusiki nayo: mama yake akiusikia husimama. Kuingia ni kutembea, kamati inacheza nyuma yenu, mpiga video amewasogelea usoni na taa yake. Mama atasimama mlangoni mbele ya watu wote, na hakuna atakayejua afanye nini. Muulize pia kama mama anajua. Kama hajui, aambiwe kabla. Vijana wa siku hizi wanapenda sapraizi, na zipo zinazofurahisha, lakini kumshtukiza mjane kwa wimbo kama huo mbele ya kamera ni ukatili, hata ukifanywa kwa mapenzi.

Mahali pake ni kwenye keki. Binti atakapoichukua ile ya wazee wa upande wa baba yake kuwapelekea mezani, MC ataje jina la marehemu kwa sentensi moja, bila hotuba na bila kusimamisha watu kwa dakika ya ukimya, na hapo DJ auweke. Mwambieni auanze mwanzo na asiukate. Madijei wa sasa wana tabia ya kupiga ubeti mmoja na kurukia wimbo mwingine, wakati nyimbo zile utamu wake uko mbele kabisa, magitaa yanapoanza kujibizana. Wazee wakifika hapo watanyanyuka kucheza, nawajua. Wakinyanyuka, na wewe nyanyuka. Hujui kucheza, hakuna atakayekukagua. Mkeo atafanya atakavyojisikia, akae, acheze, au atoke nje apunge upepo, na asifuatwe na mtu mpaka arudi.

Wa kuingilia chagueni wowote wenye mwendo wa kutembea. Au ajirini matarumbeta, Moshi hayakosekani, na hayo hayana kumbukumbu ya mtu mmoja, ni ya kila harusi.

Limebaki la baba mdogo. Kabla ya kikao kijacho cha kamati, pandeni Kibosho wewe na mkeo, na sukari na majani ya chai kama watu wanaokwenda kwa ndugu, kwa sababu ndivyo mlivyo. Mwambie wewe mwenyewe, usimtume mshenga, kwamba kwenye keki kutakuwa na wimbo wa kaka yake na ungependa awaandae wazee. Mwambie pia kwamba mama wa binti ataingia na wewe. Sidhani kama atakataa; nadhani amekuwa akijiuliza lini utakwenda. Nendeni Jumamosi. Jumapili watakuwa kanisani, na ibada zao huko juu haziishi mapema.

Shangazi